Kumaliza Amemaliza, Kuhitimu Bado

Mtu akiniuliza siku hizi kama yule binti wa kaka yangu ameshamaliza chuo, namjibu kwamba kumaliza amemaliza. Wengi wanaishia hapo, wananipa hongera na kuuliza pilau lini. Hawajui kuwa kumaliza chuo na kuhitimu chuo ni mambo mawili mbalimbali, na kati ya hilo la kwanza na hilo la pili wamekaa makarani, kila karani na droo yake, kila droo na mhuri wake, na kila mhuri na mwenyewe ambaye ametoka kidogo.

Naandika haya nikiwa na hasira, sifichi. Chuo chenyewe sikitaji jina, maana binti bado ana haja nacho, na wakubwa walishatukataza kuwatukana wakunga ilhali uzazi ungalipo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wenyewe wanapenda hesabu. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hapa Tanzania, kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, inamtaka mwanafunzi akusanye krediti zisizopungua 360. Krediti moja ni saa 10 za masomo: kukaa darasani, semina, kujisomea, kufanya mtihani, vyote vimo humo. Zidisha utapata saa 3,600. Sina ugomvi na saa hizo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyezihesabu saa za foleni. Kukaa kwenye benchi la ofisi ya fedha hakuna krediti. Kusubiri mfumo uliolala uamke hakuna krediti. Zingekuwepo, Msomi wetu, maana ndivyo tunavyomwita nyumbani tangu alipopata barua ya udahili, angekuwa profesa sasa hivi, tena profesa mstaafu.

Halafu kuna GPA. Nilipoanza kusaidia ada nilidhani mtoto ama anafaulu ama anafeli, basi. Kumbe chuoni hata kufaulu kuna vyeo. A ni pointi 5, B yenye jumlisha ni 4, B kavu ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi kwa krediti za kila kozi, unajumlisha, unagawa, na kinachotoka hapo ndicho mtoto atakachotembea nacho maisha yake yote. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu, cheti ambacho mtu hakitundiki sebuleni. Anayetaka kubaki chuoni afundishe kama mkufunzi msaidizi, matangazo ya kazi ya vyuo vya umma yanamtaka awe na 3.8.

Msomi ana 3.49. Alinionyesha mwenyewe kwenye simu, amejikokotolea hadi tarakimu ya pili. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni tatu nukta tano, hata mimi wa darasa la saba nafahamu. Akanijibu kwa unyonge, "Shangazi, hawakadirii. Wanakata." Yaani tarakimu ya pili inatupwa, 3.49 inaandikwa 3.4, na mtoto anaporomoka kutoka daraja la pili la juu kwenda la chini kwa upungufu usioonekana hata kwa miwani. Muuza nyama wangu wa Buguruni, ambaye mtaa mzima unamsema kwa mizani yake, kilo ikipungua kidogo hutupia kipande cha mfupa ijae. Chuo kizima chenye maprofesa wa hisabati kimeshindwa kutupia mfupa.

Lakini hayo ya alama nisingeyapigia kelele sana, kwa kuwa angalau yanahusu masomo. Na kusoma, Msomi alisoma. Usiku wa manane nikimpigia simu namkuta kwenye vimbweta anapiga msuli. Madesa aliyoyatoa nakala yalijaa chini ya kitanda hadi panya wakahamia. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa alikula maharage na kusonga mbele. Alipata sapu moja ya takwimu, yaani mtihani wa marudio, akaifanya Septemba wenzake wakiwa likizo, akavuka. Mwenzake wa chumbani yeye alidisko, yaani aliondolewa chuoni kwa kufeli, na kitanda chake kilipata mtu mwingine kabla godoro halijapoa. Fildi alikwenda pia, kwenye halmashauri moja mkoani, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kupanga mafaili kwa alfabeti na kuambiwa kila asubuhi kwamba mkuu wa idara yuko kwenye kikao. Ilimfundisha mengi kuliko alivyojua wakati ule.

Mwaka wa tatu akaandika utafiti. Hapa ndipo nilipoanza kuzijua kanuni kwa karibu, kwa sababu fedha ya kuchapisha ilitoka kwangu. Kila ripoti sharti iwe na ukurasa wa tamko, ambapo mwanafunzi anaapa kwamba kazi hii ni yake mwenyewe na hajanakili mahali popote. Maneno ya kiapo yamepangwa na chuo, na kila mwanafunzi anayanakili neno kwa neno. Ripoti ya Msomi ilipopitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, sehemu iliyowaka nyekundu kuliko zote ilikuwa hiyo ya kuapa. Msimamizi akamrudishia na maelekezo apunguze asilimia. Apunguze nini sasa, uaminifu?

Kisha vita ya pambizo. Mwongozo unataka pambizo ya kushoto iwe pana kuliko ya kulia ili jalada lisimeze maandishi, jambo la akili kabisa. Tatizo ni kwamba miongozo ipo miwili, mmoja wa chuo na mmoja wa kitivo, na haipatani. Anayejua upi unafuatwa ni kijana wa steshenari nje ya geti. Yule kijana hana shahada, lakini anajua kanuni za chuo kile kuliko baraza lake la taaluma: jalada rangi gani kwa kitivo gani, jina likae wapi, namba za kurasa za mwanzo ziandikwe kwa Kirumi au la. Ukimuuliza karani wa idara anakwambia soma mwongozo. Ukimuuliza kijana wa steshenari anakwambia, "Mama, hiyo wameibadilisha wiki iliyopita," na anakuwa sahihi. Ningekuwa mimi ndiye mkuu wa chuo, ningemwajiri yule kijana nikafunga ofisi tatu.

Julai akafanya mtihani wa mwisho. Shemeji yangu akafungua kundi la WhatsApp la kamati ya sherehe, michango ikaanza kuingia, mimi nikachagua kitenge cha sare ya akina shangazi. Ukumbi tukaulipia mapema ili tupate bei nzuri. Novemba orodha ya wahitimu ikabandikwa. Tukaitazama kuanzia juu hadi chini, tukaitazama kuanzia chini hadi juu. Jina halimo.

Msomi akaenda kuuliza. Mazungumzo yenyewe alinisimulia usiku ule akiwa hajavua hata viatu. Karani alimwambia alama yake ya DS ya mwaka wa kwanza haionekani. Kwa wasiojua, DS ni Taaluma za Maendeleo, kozi ya lazima ambayo katika vyuo vyetu vingi kila mtu anaisoma, awe anasomea uhasibu au ufugaji wa nyuki. Ni kozi yenye historia ya heshima. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, taasisi yake ilianzishwa mwaka 1973, enzi ambazo msomi alitakiwa kujua kwa nini nchi ni maskini kabla hajapewa kazi ndani yake. Kwa kuwa inasomwa na wote, darasa lake ni ukumbi unaofurika, wengine madirishani, na karatasi za mtihani zinabebwa kwa viroba.

"Nilifanya mtihani," Msomi akasema.

"Mfumo unasema hukufanya."

"Kama sikufanya, mbona niliruhusiwa kuendelea mwaka wa pili? Na wa tatu?"

Karani akafikiri kidogo. "Hilo nalo ni kosa," akasema. "Hukutakiwa kuendelea."

Kesho yake nikajifunga kanga ya kiunoni, nikaongozana naye. Niseme ukweli, adabu ilikuwepo tele. Karani yule alisimama, akaniamkia shikamoo kwa mikono miwili, akanivutia kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Kilichokosekana ni huduma tu. Alieleza kwamba mhadhiri aliyefundisha kozi ile yuko masomoni Ulaya. Msaidizi wake ameacha kazi. Karatasi za mtihani zipo stoo, ila mwenye ufunguo wa stoo yuko semina Morogoro. (Sijui Morogoro kuna nini. Nchi hii kila mwenye ufunguo wa kitu chochote yuko semina Morogoro.) Mwanafunzi aandike barua kwa msajili, kupitia kwa mkuu wa idara, kupitia kwa mkuu wa kitivo, aambatishe ushahidi kwamba alifanya mtihani.

"Ushahidi wa kwamba alifanya si ndiyo hiyo karatasi iliyomo stoo?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Ila stoo haifunguliwi mpaka barua iwe na ushahidi."

Nikamtazama Msomi, Msomi akatazama sakafu. Pembeni yetu walikuwa wamekaa vijana wengine na barua za aina hiyo hiyo, mmoja amesafiri usiku kucha kutoka Kigoma kuja kuulizia alama ambayo simu ingeweza kuulizia, kama simu ya ofisi ingekuwa inapokelewa. Na tusijione tuko peke yetu. Majirani zetu wa Kenya wana ugonjwa huu huu, na umekaa sana kiasi kwamba umepata jina, wanauita "missing marks", na magazeti yao yameuandika mpaka yakachoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki inahangaika kuunganisha sarafu, kumbe alama zimeshaungana zamani, zinapotea pande zote mbili za mpaka wa Namanga.

Tukiwa tunasubiri Morogoro, tukashauriwa tusikae bure, tuanze kuzungusha fomu ya klirensi. Hii ndiyo iliyonitoa roho, na hii ndiyo ninayotaka kuisema kwa kirefu.

Fomu ya klirensi ni karatasi yenye visanduku. Kila kisanduku ni ofisi, na kila ofisi inatakiwa kuweka sahihi na mhuri kuthibitisha kwamba mwanafunzi huyu hadaiwi kitu. Maktaba, bweni, maabara, zahanati, michezo, TEHAMA, serikali ya wanafunzi, mshauri wa wanafunzi, idara, na mwisho fedha, ambao hawakusikilizi mpaka wengine wote wawe wamekwisha. Bila fomu hiyo hakuna cheti, hakuna hati ya matokeo, hakuna lolote. Nimeisoma fomu ile mbele na nyuma nikitafuta kisanduku kimoja kinachouliza binti amejifunza nini kwa miaka mitatu. Hakimo. Chuo hakitaki kujua mtoto amechukua nini kichwani. Kinataka kujua amechukua nini mkobani.

Maktaba tulifika asubuhi. Bwana mmoja mpole akaandika namba ya usajili kwenye kompyuta yake, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hadaiwi kitabu," akasema. Nikamshukuru Mungu, nikamsogezea fomu. Akaisogeza irudi. "Ninahitaji uthibitisho kwamba hadaiwi." Nikamwambia uthibitisho si huo ulio mbele ya macho yako, baba? Akasema ule ni wa kwenye skrini, yeye anahitaji wa karatasi wa kuweka kwenye faili. Je, hawezi kuuchapisha? Printa haina wino tangu Agosti. Kwa hiyo akautuma kwenye barua pepe ya Msomi, Msomi akashuka hadi steshenari ya yule kijana, akauchapisha, akapanda nao tena, bwana akaupokea, akausoma kwa makini kana kwamba ni habari mpya, akasema, "Sawa, hadaiwi," ndipo akavuta droo.

Mhuri wake ulikuwa ule wa tarehe za kuzungusha. Akauzungusha, ukagoma. Akaupuliza, akaugonga mezani, akauchokonoa kwa kalamu. Ulikuwa umeganda kwenye Septemba. Basi akagonga hivyo hivyo, akaikata Septemba kwa mstari, akaandika Novemba kwa mkono, akaweka sahihi ndogo pembeni. Mwenyewe akaona amemaliza kazi nzuri. Baadaye ofisi ya fedha waliikataa kwa sababu tarehe imefutwafutwa, tukarudi, na safari hiyo akaandika barua ya kuthibitisha kwamba mhuri ni wake na ugonjwa wa mhuri anaujua. Barua hiyo nayo aliigonga mhuri. Wa Septemba.

Michezo ndiko nilikopandisha presha. Msomi hajawahi kucheza mchezo wowote pale chuoni. Akipanda ngazi mbili tu anahema. Mama mwenye ofisi akamuuliza jezi iko wapi. Akajibu hakupewa jezi, hakucheza. "Wote wanasema hivyo," mama akasema, na akataka barua ya kocha inayothibitisha kwamba hakuwa mchezaji. Kocha wa mchezo gani? Wa mchezo wowote ambao hakucheza. Tukamtafuta kocha wa netiboli, akamtazama binti juu mpaka chini na kukiri kwamba hajawahi kumwona maishani mwake. Maandishi hayo tunayo, yamefungwa kwenye faili: mtu mzima, mwajiriwa, anathibitisha rasmi kwamba hamfahamu mtu.

Zahanati walitaka kadi. Kadi alikuwa nayo, lakini ya zamani, kabla hawajabadilisha rangi. Bweni walitaka ufunguo, taa na idadi ya misumari ukutani. Serikali ya wanafunzi walikuwa kwenye uchaguzi, rais wa zamani hana tena mhuri na mpya hajaapishwa, hivyo kwa wiki nzima hapakuwa na dola. TEHAMA walikuwa wepesi, niwape haki yao, sekunde chache tu. Nilitamani nikae pale niendelee kupumzika.

Nilipomsimulia haya kaka yangu mkubwa, yule wa Upanga aliyesoma zamani, badala ya kunihurumia akacheka. Akanikumbusha Azimio la Musoma la mwaka 1974. Wakati ule mtu akimaliza kidato cha sita haendi moja kwa moja chuo kikuu; anafanya kazi kwanza, kwa kawaida miaka miwili, kisha mwajiri wake na chama cha TANU wapendekeze kwamba ana tabia ya kufaa. Kabla ya hapo, Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti waliyowekewa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, ingawa wengi walikuja kurejeshwa. "Nyinyi mnalalamikia kutoka," kaka akasema. "Sisi tulilalamikia kuingia." Ana haki, lakini yeye alipoingia, alitoka. Hakuna aliyemzuia mlangoni akimdai jezi.

Na masharti ya ajabu hayapo kwetu tu. Kule Marekani, MIT, chuo ambacho nusu ya dunia inakiota, humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza aogelee yadi 100 ama achukue somo la kuogelea. Wahandisi wa roketi, majini! Hilo mimi naliunga mkono. Likiletwa huku, watoto wa Pemba watapata shahada kabla ya kuota meno ya magego. Lakini najua lingefanywaje kwetu: baada ya kuogelea ungepewa fomu, ukatafute mhuri wa kuthibitisha kwamba maji uliyoingilia umeyarudisha yote bwawani.

Nisionekane mtu asiyependa utaratibu. Vitabu vya maktaba vinapotea kweli, na nimeona kwenye vibanda vya Kariakoo vitabu vyenye mihuri ya vyuo vikijieleza vyenyewe. Alama nazo lazima zilindwe. Sitaki kutibiwa na daktari aliyevushwa kwa huruma. Sapu iwepo, kudisko kuwepo, hata hilo la kukata 3.49 nitalimeza nikipewa maji. Ninachokataa ni mwanafunzi kufanywa mhasibu wa uzembe wa wengine. Karatasi ya mtihani ikishapokewa na msimamizi wa chumba, ni mali ya chuo. Ikipotea, aliyepoteza ni chuo. Haiingii akilini mwenye duka apoteze fedha za mteja halafu mteja ndiye aandike barua, kupitia kwa mkuu wa idara, kupitia kwa mkuu wa kitivo.

Ajabu nyingine ni kwamba mifumo hiyo hiyo isiyojua kama binti alifanya mtihani inajua vizuri sana anachodaiwa. Ada ya mahafali namba yake ya malipo ilitoka dakika ileile. Ada ya joho, dakika ileile. Ada ya cheti, ya hati ya matokeo, ya bahasha ya kutilia hati ya matokeo, zote zilikuja kwenye simu usiku, na mtandao haukuwa chini hata mara moja. Na mkopo wake nao unamngoja akipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, kwa sheria. Huko Bodi ya Mikopo sina kinyongo, walikopesha na wanataka chao. Ila ajira zenyewe zinataka cheti, cheti kinataka klirensi, klirensi inataka DS, na DS ilikuwa Morogoro.

Joho nalo tulikuwa tumeshalikodi. Nililijaribu mwenyewe chumbani, nisifiche, nikasimama mbele ya kioo. Vazi lile lilibuniwa na wasomi wa Ulaya waliokuwa wanatetemeka kwa baridi kwenye majengo ya mawe. Kulivaa Dar es Salaam mwezi wa Desemba, jua la mchana, kwa saa nne chini ya turubai ukisubiri mgeni rasmi, hiyo peke yake ingetosha kuwa sharti la kuhitimu. Lilirudishwa bila kuvaliwa na mwenyewe, na walitoza siku zote.

Habari mpya ni kwamba alama imepatikana. Mwenye ufunguo alirudi, stoo ikafunguliwa, na karatasi ikakutwa imesahihishwa tangu mwaka uleule, ndani ya kiroba cha wanafunzi wa nyuki. Ana 63, B yenye jumlisha, tena mhadhiri ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba hoja zake kuhusu utendaji wa taasisi za umma zinahitaji mifano zaidi. Sasa mifano anayo. GPA imekaa palepale, imekatwa. Alama iliingizwa kwenye mfumo baada ya orodha ya wahitimu kufungwa, na orodha ikifungwa haifunguliwi, kwa hiyo Msomi atavaa joho mwakani.

Mwisho nasema na ndugu, jamaa na majirani mliochangia. Mwenye ukumbi alikataa kurudisha fedha, ndiyo maana sherehe ilifanyika bila mhitimu kuhitimu, keki ikakatwa na pilau mkala. Kamati ya mwakani imeshaundwa, wajumbe ni walewale, kiwango cha mchango hakijabadilika. Tumeni kwa mweka hazina, msitume kwangu, na safari hii hatupokei ahadi.